Askari amekuonea? Namna ya kupeleka malalamiko ukiwa Mtwara au Lindi

Kwanza jua umeonewa vipi, maana kila kosa lina mlango wake.

Akikudai hela, piga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure, au nenda ofisi yao ya wilaya. Ila wahi kabla hujatoa. Ukiwahi, wanaweza kuandaa mtego kwa noti ambazo namba zake zimeshaandikwa. Ukishatoa linabaki neno lako na lake, na sheria ya rushwa ya 2007 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji. Na dhamana ya polisi hailipiwi, hata shilingi mia. Faini ya barabarani nayo inalipwa kwa kumbukumbu namba, haikabidhiwi askari mkononi.

Ikiwa ni kipigo, mali kuchukuliwa, au kulazwa mahabusu zaidi ya saa 24 bila kupelekwa mahakamani, andika barua. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kurasa tatu za uchungu, jina la kituo halimo. Andika hivi: "Tarehe fulani, saa 3 asubuhi, kwenye kizuizi cha barabara ya Masasi kwenda Newala, askari mwenye namba hii alichukua pikipiki yangu yenye namba hii. Sikupewa hati yoyote. Aliyeshuhudia ni fulani, simu yake hii." Basi. Namba ya askari iko kwenye sare. Usipoiona, taja cheo, namba ya gari lao na saa. Kama umeumia, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ikibidi kituo kingine, na cheti cha daktari ukiambatanishe.

Barua iende kwa mkuu wa kituo. Kama ndiye unayemlalamikia, mruke, nenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, au kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, kesho utaambiwa hukuleta kitu.

Unakwenda kudai hela au mali yako kituoni? Usiende peke yako. Nenda na ndugu au mwenyekiti wa mtaa, na waliobaki nyumbani wajue uko wapi. Januari 2022 polisi saba walipandishwa kizimbani Mtwara kwa tuhuma za kumuua kijana mfanyabiashara wa Nachingwea aliyekuwa akidai fedha zake.

Polisi wakikaa kimya juu ya barua yako, peleka nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ina tawi Lindi mjini. Hawatozi ada, wanapokea hata malalamiko ya mdomo, na ndugu anaweza kulalamika kwa niaba ya aliyeko mahabusu.

Tume haishughulikii jambo lililoko mahakamani. Hapo mwambie hakimu mwenyewe, siku kesi inapotajwa, kwamba ulipigwa, na uombe iandikwe kwenye mwenendo wa kesi.