Kuhamishia majimoto kwenye miembe na michungwa, huku Kyela

Kama shamba lako liko Uporoto, Makete au Mufindi, usihangaike. Baridi ya huko majimoto haiwezi. Huyu ni sisimizi wa joto na wa miti isiyopukutisha majani. Kwetu Ipinda, bondeni karibu na Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, ndiko anakostawi. Wengi wanamchoma moto kwa sababu anauma. Mimi namtaka kwenye kila mti wa matunda nilio nao. Penye majimoto wengi, kunguni wanaofyonza matunda machanga hawapati nafasi, na nzi wa matunda wakikuta harufu yao kwenye embe hawapendi kutaga hapo.

Wataalamu wanamwita Oecophylla longinoda. Ni mwekundu wa kahawia, miguu mirefu. Hadungi, anang'ata kwa taya, kisha anapulizia tindikali palepale alipong'ata. Kiota chake ni majani mabichi yaliyoshonwa pamoja, na ukikuta wanashona, simama uangalie. Wanashikana viunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, hadi mnyororo ufikie jani la pili, halafu wote wanavuta. Majani yakikaribiana wanakuja wengine, kila mmoja amebana buu mdomoni. Anagusisha kichwa cha buu jani hili, anakipeleka lile, na kila kinapopita kinaacha uzi mweupe. Hariri yote inatoka kwa watoto, wakubwa hawana.

Sasa kuhamisha. Ukoo mmoja una malkia mmoja, ila viota vyake vinaweza kuwa makumi, vimetawanyika kwenye miti kadhaa. Usichanganye koo. Ukichuma kiota kwa jirani huyu na kingine kwa yule, ukavitundika mti mmoja, umeanzisha vita, na kesho yake utakuta maiti chini zimeng'ang'aniana. Jaribu kwanza: kata kijiti chenye majimoto wachache wa mti mmoja, kiguse tawi la mti wa pili. Wakipapasana kwa papasi na kupita, ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana, achana nao.

Nenda alfajiri, kabla jua halijawachangamsha. Vaa mikono mirefu, jipake majivu mikononi, ukate tawi pamoja na kiota chake, utumbukize kwenye kiroba na kufunga mdomo papo hapo. Chukua viota vingi kadiri uwezavyo, hasa vya juu kabisa, maana malkia mara nyingi hukaa huko. Bila yeye ukoo utapungua hadi uishe.

Kabla ya kutundika, kagua shina la mti mpya. Ukiona sisimizi wadogo wa kahawia, wenye askari wa vichwa vikubwa, wamejaa kwenye udongo pale chini, chagua mti mwingine. Hao ni maadui wakubwa wa majimoto. Kulima kweupe chini ya miti kunawapa nguvu, kwa hiyo mimi naacha majani mafupi au napanda viazi vitamu.

Funga viota kwenye panda yenye kivuli. Unganisha miti yako kwa kamba ya katani ili wasilazimike kushuka chini, na kata kila tawi linalogusana na mti wa ukoo mwingine. Wiki za mwanzo waweke usipa kidogo na maji ya sukari kwenye kizibo, juu mtini.

Dawa ya kuua wadudu usipulizie kabisa kwenye miti hiyo. Ongea na jirani mapema pia, maana upepo wa ziwani hausomi mipaka.

Utaona wanafuga wadudu magamba kwenye vichipukizi, wanalamba utamu wao. Wakiwa wachache waache, ni chakula chao. Tawi likielemewa hadi majani yaingie masizi meusi, lipogoe hilo tu, na kama lina kiota kilinganishe kwanza na vingine: kikiwa ndicho kikubwa na cha juu kuliko vyote, liache hadi uwe na hakika malkia hayumo.