Usiukate mkorosho mkongwe kabla ya kuuchunguza

Mwezi wa Agosti, ukiingia kwenye shamba la zamani la mikorosho kule Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, pengine utaukuta mti mmoja umechanua vizuri, maua yana wekundu, ilhali majirani zake wamefunikwa na unga wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Wengi husema ni bahati ya mti, wanapita. Mimi nakuomba usimame hapo.

Mashamba mengi ya wazee wetu yalipandwa kwa mbegu. Nyuki na wadudu wengine hubeba chavua kutoka mkorosho huu hadi ule, kwa hiyo korosho kumi za mti mmoja ni sawa na watoto kumi wa mama mmoja: sura zinakaribiana, tabia kila mmoja na yake. Mche wa kubebesha, yaani ule uliounganishwa kikonyo (kijiti cha tawi) cha mti mwingine juu ya shina lake, ni jambo jingine. Huo ni mti uleule uliotoa kikonyo, na udhaifu wake wote unakuja nao.

Tofauti hizo tunazihitaji kuliko wenzetu wa Brazili, kwao mkorosho. Kule una ndugu wa porini. Mmoja, Anacardium humile, ni kichaka kifupi ambacho sehemu kubwa ya shina lake imo ardhini. Mwingine, Anacardium giganteum, ni mti mrefu wa msituni. Wareno walipouleta Afrika Mashariki karne ya 16, mkorosho ulikuja peke yake, ndugu wakabaki ng'ambo. Mwembe na mng'ong'o ni wa ukoo mmoja nao, lakini waliachana zamani mno: kikonyo cha mkorosho hakishiki kwenye mwembe. Kinachowaunganisha leo ni maradhi zaidi, maana chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, hushambulia mkorosho na mwembe pia. Kwa hiyo akiba yetu ya vinasaba imo katika mikorosho hii mikongwe, ambayo siku hizi tunaichoma mkaa.

Ukiuona mti wa namna ile, ufunge kitambaa au uupake rangi, kisha uufuatilie misimu mitatu. Msimu mmoja hautoshi. Huenda ulichanua mapema ukaukwepa ugonjwa, au salfa ya jirani, dawa ya ubwiriunga, ilipeperushwa na upepo ikaukinga bila wewe kujua. Korosho zake zipime peke yake, usizichanganye gunia moja na nyingine. Mti huo ukiendelea kufanya vizuri, mwite afisa ugani, au peleka taarifa kituo cha utafiti cha Naliendele, ambako ndiko aina nyingi bora tulizonazo zilikochaguliwa.

Vikonyo vyake chukua kwenye matawi ya msimu huu, unene wa penseli. Kata majani wiki moja kabla ili vichipukizi vivimbe, funga kwa kitambaa kibichi, na ubebeshe siku hiyohiyo. Miti isiyozaa huna haja ya kuing'oa: ikate, isubiri ichipue, kisha bebesha juu ya machipukizi. Mbegu za kuotesha mashina okota chini ya miti mingi, si mmoja, na uzitie kwenye maji, zinazoelea ziache.

Sasa shamba jipya. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba miti 28 hivi. Najua mkulima akisikia aina fulani inazaa sana, yote 28 anataka iwe hiyo. Ugonjwa ukiizoea aina hiyo, huna mti wa kukusalimia. Panda aina nne au tano, ila chagua zenye korosho za ukubwa unaokaribiana, kwani mnunuzi hapendi mchanganyiko wa kubwa na ndogo. Kila aina ipe mstari wake, na mistari ipishane.

Halafu chora ramani ya shamba kwenye daftari. Usitegemee vibao vya majina ya aina: vya bati huliwa na kutu, na watoto huving'oa kuchezea. Baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka mstari upi ni wa aina gani.