Ser na estar: somo la Kihispania kwa wanafunzi wa Bukavu

Mwanafunzi wa Bukavu aliyesoma Kifaransa shuleni hujikwaa mapema katika Kihispania, kwa kuwa kazi ya kitenzi être ("kuwa") hugawanywa huko kati ya vitenzi viwili, ser na estar. Wengi hufundishwa kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ni ya mambo yapitayo. Kanuni hiyo inapotosha. Afadhali kufuata hatua hizi.

Kwanza, jiulize kama unataja mahali kitu kilipo. Ikiwa ndivyo, tumia estar, hata kama kitu chenyewe hakihami kamwe: El lago Kivu está entre el Congo y Ruanda. Hapa Kiswahili sanifu kinatufaa kuliko Kifaransa, maana nasi husema kwamba ziwa "liko" kati ya Kongo na Rwanda. Ila sisi wa Kivu, tuliozoea kusema "niko mwalimu", tujihadhari: Kihispania kinataka soy profesor.

Pili, ukitaja kazi ya mtu, kwao, kitu kilichotumika kutengeneza meza, au saa, tumia ser: Soy de Kadutu (natoka Kadutu). La mesa es de madera (meza ni ya mbao). Son las dos (ni saa nane).

Tatu ni vivumishi, na hapa ndipo penye kazi. Vingi hukubali vitenzi vyote viwili, lakini maana hubadilika: es aburrido ni mtu anayewachosha wenzake, está aburrido ni yule aliyechoshwa; es lista ni mwerevu, está lista yuko tayari. Ser hutaja sifa inayomtambulisha mtu, na estar hueleza hali aliyomo, iwe fupi au ndefu.

Maswali ya wanafunzi

Mbona husemwa está muerto, ilhali aliyekufa harudi?
Kwa sababu estar hubeba hali iliyotokana na badiliko. Ndivyo ilivyo pia kwa el vaso está roto, ingawa glasi hiyo haitaungwa tena.

Mwalimu, nikisema La boda está en Ibanda, nimekosea?
Ndiyo. Arusi ni tukio, nalo hufanyika mahali. Kwa hiyo, La boda es en Ibanda. Ukumbi wenyewe ndio unaotaka está.

Kwa mtu aliyeoa, ni es casado au está casado?
Yote mawili hutumika.

Je, naweza kusifu chakula kwa está bueno?
Naam, la sopa está buena (supu ni tamu) humfurahisha mpishi. Lakini usimwambie mpishi mwenyewe estás buena, kwa maana atadhani unausifu mwili wake. Ukimaanisha kwamba ni mtu mwema, sema es buena persona.