Kabla Hujapanda Burj Khalifa

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata mzigo Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, huuona ule mnara kila safari kupitia dirisha la teksi, na kila safari husema watapanda siku nyingine. Siku hiyo ikifika, wengi huenda kama wanavyokwenda sokoni: wafike, waulize bei, waingie. Burj Khalifa hakuendeki hivyo. Tiketi ya pale inauzwa kwa saa, na maandalizi karibu yote yanaizunguka saa hiyo.

Ukikata tiketi mtandaoni unachagua siku na muda wa kuingia. Nafasi za kuelekea machweo ndizo ghali, na ndizo zinazowahi kuisha, kwa hiyo usizisubirie mlangoni. Sasa hapa ndipo Mswahili anapojikwaa. Tiketi imeandikwa 5:00 PM, kichwa kinasoma saa tano, kumbe ni saa kumi na moja jioni. Ongeza na hili: Dubai iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Mara yangu ya kwanza nilivaa saa ya mkononi ambayo sikuigusa tangu Dar. Nilifika nikijisifu kwamba nimewahi nusu saa, kumbe nimechelewa nusu saa. Kijana wa mlangoni akaitazama tiketi, akaitazama saa yangu, akacheka, akanipitisha. Usipange safari yako kwa kutegemea kicheko cha mtu.

Saa ya machweo nayo inahama. Desemba jua linazama karibu saa kumi na moja na nusu, Juni linakawia hadi saa moja na dakika kama kumi hivi. Itafute ya tarehe yako, kisha chagua kuingia saa moja kabla yake, ili uuone mji mchana, uone jua likishuka, halafu uone taa zikiwaka barabara baada ya barabara, yote kwa tiketi moja. Ukiwa juu, jua unaliona muda kidogo zaidi kuliko waliobaki chini. Si hadithi: mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walielekeza kwamba wakati wa Ramadhani wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje dakika 3.

Hali ya hewa ipewe uzito uleule. Kati ya Juni na Agosti joto hupita nyuzi 40, na vumbi na mvuke wa bahari huuficha mji chini ya ukungu wa rangi ya chai ya maziwa. Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya kuona mbali, ingawa asubuhi za baridi huja ukungu mzito ukafunika kila kitu. Ukiamka ukaona jengo la jirani limemezwa, ujue huko juu utaona pamba tu. Wapo wanaoipenda hiyo pamba. Mimi nilitaka kuona bahari.

Kuhusu ghorofa, mnara wote una mita 828 na ulifunguliwa tarehe 4 Januari 2010, lakini mgeni hafiki kileleni. Tiketi ya kawaida inakupeleka ghorofa ya 124 na 125, ya kwanza ikiwa mita 452 kutoka chini. Mnara wa Britam wa Nairobi una mita 200; ipange miwili ya aina hiyo, mmoja juu ya mwingine, bado hujaifikia ghorofa hiyo. Tiketi kubwa inakwenda hadi ya 148, mita 555. Kama fedha ni ya kuhesabu, bakia 124. Kutoka hapo magari bado ni magari na unaweza kufuata moja kwa macho mpaka likate kona. Juu zaidi, mji unaanza kufanana na ramani.

Kufika kwenyewe kunakula muda kuliko watu wanavyodhani. Metro ya laini nyekundu ina stesheni yenye jina la mnara na la Dubai Mall. Ukishuka, mnara unauona uko pale pale, kama wa kuugusa. Usidanganyike. Kuna ujia mrefu wenye viyoyozi, kama mita 800, ndio unaokuingiza kwenye maduka, na mlango wa kupandia uko ndani ya maduka hayo, ghorofa ya chini. Toka kwenye treni angalau dakika 45 kabla ya muda wako, na viatu vipya viache hotelini. Ndani ya metro, baba usiingie behewa la akina mama na watoto, na usile wala kutafuna bigijii, faini zipo.

Anayepita Dubai akiunganisha ndege akumbuke viza. Zipo za mpito za saa 48 na za saa 96, na huombwa kabla ya kusafiri. Begi la magurudumu usije nalo, kwa sababu kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Beba mtandio au sweta jepesi hata kama nje ni tanuri. Viyoyozi vya ndani havina huruma.

Lifti inakwenda mita 10 kwa sekunde, na takribani dakika moja umefika. Masikio yanaziba, meza mate. Ukitoka, nenda kwanza kwenye baraza ya nje ya ghorofa ya 124, ambako vioo vina nafasi kati yake na kamera inapita. Nyuma ya kioo kizima, usiku, utapiga picha ya uso wako mwenyewe.

Kuteremka nako kuna foleni, ndefu zaidi giza linapoingia kwa kuwa kila mtu alikuwa akingoja jua lilelile. Mwenye ndege ya usiku ahesabu foleni hiyo, ule ujia wa mita 800, na metro ya kurudi uwanjani. Karibu na njia ya kutokea utakuta wanauza picha yako waliyokupiga mwanzoni, umesimama mbele ya kitambaa cha kijani, na sasa nyuma yako kumewekwa Dubai nzima. Yangu ilinionyesha nimefumba macho, nikaiacha palepale kaunta.