Kubuni Fonti ya Kijiometri Yenye Sura ya Wakati Ujao

Kabla ya kufungua kompyuta, chukua karatasi ya miraba uamue umbo mama la fonti yako, yaani seti ya herufi zenye sura moja, kwa kuwa herufi zote zitazaliwa humo. Paul Renner, mbunifu wa fonti ya Futura iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927, alianzia kwenye duara, pembetatu na mraba. Aldo Novarese, aliyebuni fonti ya Eurostile mwaka 1962 kwa Nebiolo, kiwanda cha herufi za chapa cha mjini Torino, Italia, alichagua mraba uliolainishwa pembe, unaofanana na kioo cha televisheni za enzi hizo. Mimi hufuata njia ya Novarese, kwa sababu umbo lake bado humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye mitambo na vyombo vya anga.

Hatua ya kwanza: chora H na O. Tumia programu kama FontForge, ambayo ni ya bure, ukipima herufi katika kiwanja ambacho kimo chake kimegawanywa vipimo 1000 na kuzipa herufi kubwa kimo cha 700. Nguzo za H zikiwa na unene wa 80, mstari wake uliolala uwe 72 hivi, kwani jicho huuona uliolala kuwa mnene zaidi hata vikilingana. Nayo O ivuke kidogo mstari wa juu na wa chini, la sivyo itaonekana ndogo kando ya H: mraba uliolainishwa hutosheka na vipimo 6, ilhali duara kamili huhitaji 10 au zaidi. Rula ikibishana na jicho, lifuate jicho.

Hatua ya pili: chora n na o, kisha utoe humo b, d, p na q, ukipunguza unene mahali tumbo linapoungana na nguzo ili pasijae weusi.

Hatua ya tatu ni herufi a, na hapa nakusihi usiharakishe. Futura huiandika kama duara lenye nguzo, umbo zuri mno, lakini Kiswahili hurudia irabu hii karibu katika kila neno, na kwa mbali "bara" husomeka "bora". Chagua a yenye mkono uliopinda juu ya tumbo, kama ilivyo katika Eurostile.

Hatua ya nne: panga nafasi. Pande zilizonyooka zipewe nafasi kubwa kuliko zilizopinda. Kisha sogeza karibu herufi za jozi Ta, Wa na Vy, zinazoanza maneno yetu mengi, na uhakikishe kwamba alama iliyo katika "ng'ombe" haimezwi na o.

Fonti hii itumie kwenye vichwa vya habari, nembo na mabango. Bamba lililoachwa mwezini na Apollo 11 mwaka 1969 liliandikwa kwa herufi kubwa za Futura, maneno machache yenye hewa ya kutosha. Aya ndefu za kitabu ziachie fonti nyingine. Mwisho, chapisha "Watanzania" na "ng'ambo" kwa ukubwa wa kichwa cha habari, bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua tatu, kisha urekebishe kila herufi inayokukwaza.