Rede ya rika zote, na namna ya kuzima "enzi zetu"

Sikukuu ikiwakusanya ndugu, hakosekani wa kusema watoto wa dotcom hawajui kucheza. Ukitaka rede, mchezo wa kukwepa mpira huku ukijaza chupa mchanga, ichezwe na wote badala ya kuhadithiwa na wakubwa, anza na mpira, maana hapo rika zimetofautiana kweli. Wakubwa walifunga mpira wa rambo, yaani mifuko ya plastiki, kwa sababu rambo zilizagaa kila kona. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Mtoto wa darasa la kwanza ataujulia wapi?

Tengeneza wa soksi. Tafuta soksi nne ndefu, kipande cha sponji la godoro kinachojaa kiganja cha mtoto, na fulana kuukuu uliyoichana vipande vyembamba, upana wa vidole viwili. Zungushia vipande hivyo kwenye sponji, kila mzunguko ukikatisha wa chini yake, hadi ufikie ukubwa wa chungwa. Usikaze sana: rede ni mchezo wa kupigwa, na mpira mgumu utamliza mtu mapema. Tumbukiza ndani ya soksi, sokota mdomo, kisha igeuze soksi irudi kuufunika mpira. Soksi inayofuata ianzie upande wa pili. Misokoto ikirundikana sehemu moja, mpira unapinda hewani na mrushaji analaumiwa bure. Malizia kwa sindano kubwa na uzi. Kokoto za kuongeza uzito, hapana. Mpira ukilowa, weka pembeni. Soksi yenye maji inapiga kama jiwe.

Warushaji wawili wasimame hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine, saba kama anayerusha ni mdogo. Katikati weka mchanga na chupa ya nusu lita. Anayelengwa anaijaza huku akikwepa. Kwa watoto wadogo, na kwa bibi ambaye magoti hayamruhusu kuchuchumaa, kata shingo ya chupa na uiinue juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ugomvi huanzia kwenye sheria, kwa kuwa kila mtaa ulikuwa na zake. Kabla ya kurusha, ulizeni mambo matatu: mpira uliodunda chini kwanza unatoa mtu? Ukigusa nguo tu je? Aliyeudaka anapata nini? Panapobishaniwa, pigeni kura ya mikono, na mkono wa mtoto uhesabiwe sawa na wa babu. Mkubwa anayesema "hiyo siyo rede" apewe mpira arushe. Huwa ananyamaza.

Watoto nao wana lao: wanaona haya kumlenga shangazi. Tangazeni mapema kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna utovu wa adabu. Kichwani ni marufuku kwa wote.

Msigawane timu kwa majina kama Milenia (1981 hadi 1996) na Gen Z (1997 hadi 2012). Mipaka hiyo imechorwa Marekani, na katika ukoo mkubwa shangazi na mpwa wake huangukia kundi moja. Gawaneni kwa mwezi wa kuzaliwa, Januari hadi Juni upande huu, Julai hadi Desemba ule. Upande ukielemewa na watoto wadogo, hamisheni watu wazima wawili, si mtoto.