Ukipandikizwa ufizi, kilinde kipande mpaka kishike

Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno, Ngara. Kazi yangu kubwa ni kukaa na mgonjwa baada ya upasuaji na kumweleza atakavyojitunza nyumbani.

Kabla hujakubali kupasuliwa, ijulikane kwanza kilichoufanya ufizi ushuke na kuacha mzizi wa jino wazi. Wengi husugua meno kwa nguvu, kwa brashi ngumu au mswaki wa mti. Wengine wana ukoga uliogeuka jiwe, au wanavuta sigara. Sababu isipoondolewa, ufizi utashuka tena. Tena muulize daktari bingwa wa fizi: mzizi utafunikwa wote? Ikiwa mfupa na ufizi wa katikati ya meno haujaliwa, inawezekana kabisa. Ukiwa umeliwa, utafunikwa kiasi tu.

Upasuaji wenyewe ni wa ganzi. Daktari hukata tishu nyembamba, yapata milimita moja hadi moja na nusu, kutoka kwenye kaakaa, akaichomeka chini ya ufizi juu ya mzizi uliokuwa wazi, kisha akashona.

Sasa nisikilize vizuri. Kile kipande kimefika pale bila damu yake. Siku za mwanzo kinaishi kwa majimaji yanayopenya kutoka chini yake, na baada ya siku mbili tatu ndipo vimishipa vipya vinaanza kukiingia. Kikisogezwa, vimishipa vinakatika na kipande kinaweza kufa. Kwa hiyo usiinue mdomo kujitazama kwenye kioo, na usimruhusu shangazi akuangalie, hata akisisitiza. Kikionekana cheupe au cha kijivu wiki ya kwanza, usiogope.

Kaakaa ndilo litakalouma zaidi. Likitoka damu, lowesha kitambaa safi cha hospitali au mfuko wa majani ya chai, ukandamize dakika ishirini mfululizo bila kuchungulia. Damu ikiendelea, rudi kliniki, hata kama ni usiku nenda hospitali. Usiteme mate kwa nguvu, wala usinywe kwa mrija. Dawa za maumivu meza ulizoandikiwa tu. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, daktari alipaswa kujua mapema. Usiziache kwa uamuzi wako.

Siku mbili za mwanzo kula vya baridi au vuguvugu: uji uliopoa, maziwa lala, parachichi, viazi vilivyopondwa. Baadaye ugali laini na ndengu, ukitafunia upande wa pili. Githeri, mahindi choma, miwa na karanga zisubiri.

Mahali palipopandikizwa pasiguswe na brashi kwa wiki mbili au zaidi, mpaka uruhusiwe. Sukutua taratibu kwa dawa ya kloheksidini uliyopewa. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki kama kawaida. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili, na siku hiyo omba uoneshwe jinsi ya kushika brashi laini, kwa kuwa mkono uliozoea kusugua kwa nguvu hauachi wenyewe.